Kuboresha gundi nyeupe ya mbao mpaka ishike kweli, mwongozo kamili kutoka karakana ya Arusha

Mwaka juzi mwezi wa saba nilitengeneza meza ya kulia ya watu nane, saipresi safi, mteja wa Njiro, hela nzuri tu. Haikumaliza hata mwezi jointi mbili zikaachia. Nikaenda na bodaboda kuangalia, aibu tupu, nikageuza meza nikakuta ndani ya jointi kuna kitu cheupe kama chaki, ukikwangua kwa kucha kinatoka unga. Gundi ilikauka ila haikushika. Siku ile nilikuwa nimeongeza maji kwenye gundi ili ifike, alafu nikabandika saa moja asubuhi na lile baridi letu la Julai. Makosa mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili yanahusu maji.

Kwaiyo huu mwongozo wote ni habari ya maji. Mafundi wengi tukisikia "kuboresha gundi" tunawaza cha kuongeza kwenye kopo, huyu anakwambia weka simenti, yule anakwambia weka unga wa ngano. Ukweli ni kwamba gundi nyeupe inashika pale maji yake yanapoondoka vizuri, na karibu kila kitu unachoweza kuboresha ni kuyaongoza yale maji yaende wapi na kwa kasi gani.

Kwanza ujue kopo lina nini

Gundi nyeupe ni vitone vidogo sana vya plastiki inayoitwa polivinaili asetati, vinaelea ndani ya maji. Vimezungukwa na kitu kingine kinaitwa polivinaili alkoholi, hicho ndo kinazuia visigandane humo humo kwenye kopo. Ukipaka kwenye mbao, maji yananywewa na mbao, mengine yanaenda hewani, vitone vinasogeleana, vinabanana, mwisho vinayeyukiana na kuwa utando mmoja. Hapo ndo imeshika.

Sasa ile kuyeyukiana inahitaji joto. Kila gundi ina kiwango chake, nyingi ni kati ya nyuzijoto 5 na 15, na makopo ya maana huwa yanaandika. Chini ya hapo maji yanaondoka vizuri tu lakini vitone vinabaki vimekaa kama mchanga, ndo ile chaki niliyoikuta Njiro. Watu wa Moshi hili hawalijui sana, kule chini joto lipo, ila sisi huku Arusha kuanzia Juni mpaka Agosti usiku baridi inashuka kweli na mbao zilizolala nje asubuhi ni za baridi hata kama jua limeshatoka. Na hapa kinachoangaliwa ni joto la ubao na la gundi yenyewe, hewa peke yake haitoshi.

Hatua ya kwanza: pima gundi yako kabla hujaigusa

Hii hatua karibu hakuna anayeifanya na ndo ingeokoa watu wengi. Tafuta mzani mdogo wa gramu, ile wanayotumia dada zetu wa keki. Chukua kifuniko kipana cha plastiki, weka gundi gramu 20, itandaze iwe nyembamba, iache juani siku mbili tatu mpaka isipungue tena uzito. Kilichobaki gawanya kwa 20, zidisha kwa 100. Ikibaki gramu 9 maana yake ina asilimia 45 ya mali yenyewe, mengine yote ni maji. Gundi nzuri ya mbao mara nyingi inacheza asilimia 40 mpaka 55. Mimi kuna ndoo nilinunua duka moja hapa mjini, ya kupimiwa, nikapata gramu 5 na nusu, yani asilimia 28 hivi. Nilikuwa nanunua maji.

Ila kuna ujanja mwingine, wapo wanaonenepesha kwa unga wa chokaa ya mawe, kwaiyo uzito unatoka vizuri lakini mali siyo. Angalia ule utando uliokauka: wa gundi safi unakuwa kama plastiki inayopitisha mwanga, unakunjika. Ukiwa mweupe kabisa na unakatika kama biskuti, udondoshee siki au limao. Ukitoa povu dogo dogo, chokaa ya mawe imo. Chokaa ikiwemo kidogo siyo dhambi, viwanda vyenyewe vinaweka, ila ujue unachonunua. Hakikisha umekausha pakavu na penye joto, maana ule weupe wa baridi unafanana na huu.

Harufu nayo isikilize. Kanukio kidogo ka siki ni kawaida. Ikinuka uozo, bakteria wameshaila, tupa.

Hatua ya pili: mbao

Hapa nitakaa kidogo sababu ndo penye nguvu yote.

Ubao ukiwa mbichi hauna nafasi ya kunywa maji ya gundi. Gundi inakaa tu pale kwenye jointi, inachukua siku, alafu ubao ukija kukauka unajikunja na kuivuta. Ukiwa umekauka kupita kiasi nao unakunywa haraka mno, gundi inabaki kiu. Kwa fenicha za ndani lenga unyevu wa asilimia 8 mpaka 14. Kama huna mita ya unyevu kata kipande katikati ya ubao (siyo mwishoni, mwishoni huwa pamekauka zaidi), kipime, kiweke kwenye oveni nyuzi 100 na kidogo mpaka uzito usishuke tena. Kipande cha gramu 60 kikibaki gramu 50, kimepoteza 10, gawanya kwa 50, ni asilimia 20. Huo bado, urudishe kwenye stoo. Paini na saipresi zinazoshuka kutoka West Kilimanjaro mara nyingi zinafika bado mbichi kabisa, na msimu wa masika ndo usiseme, muuzaji atakwambia zimekaa miezi mitatu, mkubalie kwa adabu alafu pima.

Piga randa siku hiyo hiyo unayobandika. Uso uliokaa wiki mbili unakuwa na vumbi, mafuta ya mikono, na utomvu wa mbao wenyewe umepanda juu. Na randa iwe kali, randa butu inaponda na kung'arisha uso, ukiutazama unapendeza kumbe vitundu vimezibwa. Jaribio lake rahisi: dondosha tone la maji. Likitawanyika na kuzama ndani ya nusu dakika hivi, safi. Likikaa limeviringika kama liko kwenye jani la mgomba, gundi nayo itafanya hivyo hivyo, rudia randa au pitisha msasa wa 80 mpaka 120 alafu futa vumbi lote.

Mtiki na mbao nyingine zenye mafuta zifute kwa asetoni au thina kwa kitambaa safi, ikauke dakika chache, ubandike muda huo huo, usiende kula kwanza maana mafuta yanarudi juu. Mbao nzito kama loliondo hazina mafuta sana ila ni ngumu kunywa, zipe muda zaidi kwenye klampu. Na kwenye mbao ngumu usiache chuma kigusane na gundi mbichi, inaacha doa jeusi, weka kipande cha nailoni chini ya klampu. Kwa sababu hiyo hiyo gundi usiitunze kwenye kopo la bati lenye kutu.

Pande za kichwa, yani pale ulipokata ubao kwa kukatiza, zinanyonya kama mirija. Kingo za MDF (ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) na chipubodi hivyo hivyo. Kwenye kazi za mbao hapa ndo mahali pekee ninaporuhusu maji mengi: changanya gundi na maji nusu kwa nusu, paka, subiri dakika kama 10 ianze kunata, alafu paka gundi nzima juu yake na ubane. Ule mkono wa kwanza umeziba kiu, wa pili unabaki pale unapotakiwa. Bado lakini jointi ya kichwa kwa kichwa itakuwa dhaifu, tengeneza ulimi na tundu au weka vijiti.

Hatua ya tatu: cha kuongeza kwenye gundi, na kila kimoja kinakugharimu nini

Maji. Kama gundi imekuwa nzito kwa kukaa, ongeza kidogo kidogo huku unakoroga, usizidi gramu 50 kwa kilo. Kwenye gundi ya asilimia 45, ukiweka maji gramu 200 kwa kilo umeishusha mpaka 37 na nusu. Na kwa faida gani? Piga hesabu. Gundi ya kupaka ni gramu 150 mpaka 200 kwa mita moja ya mraba. Jointi ya meza yenye urefu wa mita 2 na unene wa sentimita 3 ni mita za mraba 0.06, yani gramu 12. Meza ya mbao sita ina jointi tano, gramu 60 jumla. Mimi niliharibu meza nzima ili niokoe gundi ya kujaa vijiko viwili.

Vumbi la mbao. Hili linafaa ukiwa na nafasi ndogo ndogo kwenye jointi au gundi inateremka kwenye kitu kilichosimama. Chukua vumbi la msasa, siyo maranda, lichuje kwa soksi ya nailoni. Gramu 50 kwa kilo ya gundi, ukizidi sana 100. Koroga, acha dakika 10 ndo uamue kama imefikia uzito unaotaka, maana vumbi linaendelea kunywa maji hata ukishaacha kukoroga, na kwa sababu hiyo muda wako wa kufanya kazi unapungua. Changanya ya leo tu. Nafasi ikizidi milimita moja hivi hamna gundi nyeupe itakayokuokoa, chonga upya.

Unga wa chokaa ya mawe, ule laini wanaouweka kwenye rangi, hufanya kazi kama hiyo na hauozi. Asilimia 10 inavumilika. Ukienda mbele sana jointi inakuwa ngumu lakini inakatika, na visu vya mashine vinakuwa butu. Hapa naomba tuelewane vizuri: siyo chokaa ya kupaka nyumba na siyo simenti. Hizo ni kali, zinaivunja vunja polivinaili asetati taratibu, hasa kukiwa na unyevu. Najua kuna watu wanachanganya simenti na gundi nyeupe wanapata kitu kigumu kama jiwe, wiki ya kwanza.

Uji wa wanga wa muhogo. Huu ni wa maboksi, karatasi, kadi, siyo wa fenicha. Sehemu moja ya wanga kwa sehemu saba za maji, koroga ukiwa baridi kwanza usifanye mabonge, alafu pika moto mdogo mpaka uwe kama kioo, upoe kabisa. Changanya asilimia 10 mpaka 20 kwenye gundi. Inanata haraka kwenye karatasi na inapunguza gharama. Ubaya wake, ikilowa inaachia na ukungu unaipenda kuliko kitu chochote, kwaiyo tengeneza ya siku mbili tatu.

Na hapa ndo wengi wanaumia: boraksi. Kwenye gundi ya wanga peke yake watu wa maboksi wanaitumia na inaongeza mnato kweli. Ukiitia kwenye gundi nyeupe inakamatana na ile polivinaili alkoholi, kopo zima linageuka mpira wa kuchezea watoto. Hairudi. Nimeona ndoo ya kilo 20 ikienda hivyo.

Gliserini ya duka la dawa. Ukiwa Moshi mwezi wa pili, jua la Pasua, unapaka upande mmoja ukigeuka umeshaota ngozi, gliserini kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo inashikilia maji kidogo na utando unakuwa laini. Nzuri kwa kubandika nguo, ngozi, jalada la daftari. Kwenye kiti au rafu yenye mzigo usiweke, gundi iliyolainishwa inateleza pole pole ikibebeshwa uzito. Kwa mbao dawa ya joto ni kubandika asubuhi na kuandaa kila kitu kabla hujafungua kopo.

Kuzuia maji. Gundi nyeupe ya kawaida ikilowa inarudi kuwa laini, na hakuna kitu cha jikoni kitakachobadilisha hilo. Nunua iliyotengenezwa hivyo. Tafuta alama ya D3 au D4 kwenye kopo, ni madaraja ya Ulaya yanayoanzia D1: D3 inajaribiwa kwa kulowekwa siku nne kwenye maji baridi, D4 inachemshwa masaa sita. Nyingi za D4 zinapatikana kwa kuongeza kigumishi kwenye D3, mara nyingi asilimia 5, na ukishachanganya una masaa machache tu kama kopo linavyosema. Kile kigumishi kinaweza kuwa isosayaneti, kibaya kwa mapafu na ngozi, vaa glavu, fungua madirisha, watoto wasiwepo. Na gundi za D3 nyingi zina tindikali makusudi, ndo inayozifanya zijifunge, kwaiyo ukizitia chokaa ya mawe umeua kile ulicholipia.

Hatua ya nne: kupaka na kubana

Msimu wa baridi weka kopo la gundi kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto, dakika 20. Mbao ziingize ndani tangu jana yake. Subiri saa nne au saa tano asubuhi ndo uanze.

Mbao ngumu paka pande zote mbili, paini upande mmoja unatosha kama umepaka sawasawa. Tumia brashi ngumu au kipande cha kadi chenye meno. Una dakika 5 mpaka 10 kufunga. Sugua mbao mbili kidogo mbele na nyuma, ukisikia zimeanza kukataa kusogea ujue zimeshikana, bana.

Mbao laini zinataka kilo kama 7 kwa kila sentimita ya mraba, ngumu 10 na kuendelea. Hizo kilo ni nyingi kuliko tunavyodhani, jiwe juu ya ubao halifiki hata robo. Huna klampu za kutosha? Tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe, ukiizungusha huku unaivuta, kila mzunguko unaongeza nguvu, kwa miguu ya viti na vitu vya duara haina mpinzani. Kwa mbao za meza pigilia vipande viwili kwenye benchi, ingiza kabari mbili zinazotazamana, gonga kwa zamu. Wadau wa Unga Limited wasio na hela ya klampu wameishi kwa kabari miaka yote. Acha sentimita 20 mpaka 30 kati ya klampu na klampu, au kabari na kabari. Gundi ikichuruzika vitone vidogo vidogo kama jasho mstari mzima umeweza. Isipotoka kabisa umepaka kidogo, ikimwagika kama mto umepaka nyingi.

Iache imebanwa kwa muda wa saa moja kwenye joto, masaa matatu Julai. Ila usipige randa ile meza mpaka kesho yake. Pale kwenye jointi ubao umekunywa maji ukavimba, ukipiga randa leo unaona pako sawa, wiki ijayo maji yakitoka panabonyea na rangi ya kung'aa ndo inaonyesha kila kitu.

Hatua ya tano: vunja mwenyewe kabla mteja hajavunja

Kila ukibadilisha kitu kwenye gundi, bandika vipande sita vya mbao ile ile, vitatu kwa gundi ya kawaida na vitatu kwa uliyoiboresha, viandike tarehe kwa penseli. Baada ya siku saba vibane kwenye jiriwa uvipasue kwa patasi na nyundo. Usiangalie umetumia nguvu kiasi gani, angalia palipochanika. Kama robo tatu ya uso ina nyuzi za mbao zilizong'oka, gundi imeushinda ubao. Kama uso unang'aa, gundi ilikauka kabla hujabana au uso ulikuwa na mafuta. Kama ni unga mweupe, baridi.

Kwa vitu vitakavyobeba mzigo ongeza hili: bandika vipande viwili kwa kulaliana sentimita 5, chora mstari wa penseli ukivuka jointi, ning'iniza ndoo ya maji lita 10 wiki nzima. Mstari ukivunjika ukawa miwili hiyo gundi inateleza, hata kama kwenye nyundo ilifaulu.

Vitu vingine vinavyonyonya

Turubai, kitambaa, maboksi, gamba la kizibo, jipsamu, vyote vinakubali, na jipsamu pamoja na ukuta mkavu vipe kwanza mkono wa gundi moja kwa maji matatu. Ukuta unaopata unyevu achana nao. Fomeka, ile karatasi ngumu ya plastiki ya juu ya meza, kuibandika kwenye MDF inawezekana sababu upande mmoja unanyonya, ila bana usiku kucha. Pande zote mbili zikiwa hazinyonyi, mfano fomeka kwa plastiki, maji hayana pa kutokea, utarudi baada ya wiki utakuta bado maziwa. Hapo nunua gundi ya kiatu.

Ukikwama na mbao usizozijua, Moshi kuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI, kazi yao ni mbao tu. Ile meza ya Njiro nilifungua jointi zote tano, nikapiga randa mpaka chaki yote ikaisha, meza ikapungua upana karibu sentimita moja. Nikabandika upya saa tano mchana, gundi bila tone la maji. Mteja hajanipigia tena, ila na kazi nyingine hajanipa.